Mkuu wa Kaya Hakulala Hapa

Baba Eli mpenzi,

Nimekaa kwenye kile kigoda chako cha jikoni, kile ulichosema mguu wake mfupi utaurekebisha Jumamosi. Jumamosi zimepita nyingi na bado kinacheza. Nimekunja kipande cha boksi la dawa nikaweka chini yake. Nje kuna wingu, mlima haujaonekana tangu asubuhi, na hapa mtaani Sokon One kuna ukimya ule wa Jumapili watu wakiwa bado kanisani. Mimi nilienda ibada ya kwanza. Nilipofika nyumbani nikafungua kufuli, nikasukuma mlango, nikasema hodi. Sijui kwa nini napiga hodi nyumbani kwangu. Ninachojua ni kwamba nikiingia kimya kimya najiona mwizi.

Nataka kukueleza habari ya sensa. Nimekaa nayo moyoni muda mrefu, na hakuna mwingine ambaye ningemweleza akaelewa kwa nini iliniuma. Watoto nimewaambia juu juu. Eli akaniambia kwenye simu, "Mama, hizo ni takwimu tu." Takwimu tu. Nikajua amesahau amezaliwa na nani.

Unakumbuka tulivyokutana. Ulimleta yeyo, mama yako, pale zahanati, kikohozi kimemkaba, amejifunga shuka mpaka masikioni. Mimi nilikuwa nesi mgeni, binti wa Kimeru kutoka Akheri, nimetoka chuoni juzi tu na ninaamini kila kitu kinachoandikwa kwa kalamu. Nikamuuliza mama yako, "Bibi, una watoto wangapi?" Akanitazama kama nimemtukana. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hasikii. Wewe ukainama mezani ukasema polepole, "Nesi, usimuulize hivyo. Muulize wanaitwa nani." Nikamuuliza. Uso ukamfunguka, akaanza kuwataja kuanzia mkubwa, kila mmoja na mahali alipo na anachofanya, na mimi nikawa nawahesabu kwa vidole chini ya meza ili asinione. Wewe uliniona. Ulicheka kwa macho tu.

Baadaye ukanieleza kwamba kwenu, upande ule wa magharibi ya mlima, watu hawahesabiwi, na ng'ombe vilevile. Baba yako alikuwa akisimama jioni mlangoni mwa zizi, akawatazama wakipita kwa rangi zao na pembe zao, akajua nani hajarudi bila kutamka idadi yoyote. Ukihesabu viumbe unavianika hadharani, ulisema, na mauti yana macho. Mimi nikakujibu kwamba kwangu mtoto nisiyemwandika haletewi chanjo, na zahanati isiyopeleka hesabu ya wagonjwa wake hupelekewa dawa za kuwatosha nusu. "Basi tutagombana," ulisema. Tukagombana kweli, na katikati ya ugomvi huo tukaoana.

Mwenzangu, nilikucheka sana kwa ajili ya jambo hilo, lakini ukweli ni kwamba lilikulisha. Madereva wenzako wa watalii, kabla ya kuwasha gari, waligeuka nyuma wakahesabu vichwa. Wewe hukuweza. Ilikubidi ujue majina ya wageni wako wote kabla hamjafika geti la hifadhi, pamoja na yale majina yao magumu ya kukwaruza koo. Kila mkishuka kupiga picha au kula, ukirudi kwenye usukani uliwaita mmoja mmoja, na kila mmoja aliitika. Wageni walidhani ni ukarimu wa pekee. Siku ile mwenzako alipomwacha mzee wa watu chooni kwenye eneo la kulia chakula, kwa sababu mgeni wa gari lingine alikuwa amepanda kwake kimakosa na vichwa vikatimia, ofisi yenu iliwaita madereva wote ikawaambia wafanye kama Lembris. Ulirudi nyumbani umevimba kichwa. Nikakuambia usijisifu, wewe huna mbinu yoyote, unaogopa tu. Ukasema, "Ninaogopa, ndiyo. Lakini nimemwacha nani?"

Na nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Kabla sijapakua chakula cha jioni ulisali, na katika sala uliwaita watoto. Eli. Lemayan. Naserian. Halafu mwishoni uliniita mimi, Ruthi. Mchana kutwa nilikuwa Mama Eli kwako, kama nilivyo kwa majirani. Kazini nilikuwa Nesi. Jina langu nililopewa na baba yangu nililisikia mara moja kwa siku, chakula kikiwa mezani, macho yamefumbwa.

Mwanzoni nilikasirika ulipoendelea kumtaja Lemayan. Mtoto hakufikisha hata umri wa kukaa mwenyewe. Nilikuwa nimemzika, nimekunja nguo zake nikampa dada yangu, na kila jioni wewe unamwita katikati ya ndugu zake kama yuko chumbani anakuja. Nilikuuliza unanifanyia hivyo kwa nini. Ukasema ukianza kumruka utakuwa umehesabu. Sikuelewa usiku ule wala mwezi ule. Nilikuja kuelewa kliniki, mimba ya Naserian, yule nesi mwenzangu aliponiuliza watoto walio hai ni wangapi na mimi, mtu wa kuuliza swali hilo kila siku ya kazi, nikashindwa kufungua mdomo. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu umeshika mkoba wangu. Ukamwambia, "Wapo Eli na Lemayan." Mwenzangu akanitazama, akaniona machozi, akaandika anavyojua yeye. Tulipotoka nje ulininunulia muwa tukaumenya tukiwa tunatembea.

Halafu likaja lile gonjwa.

Mwanzoni walisoma idadi kwenye taarifa ya habari. Wagonjwa wapya, waliopona, waliofariki. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, nashinda zahanati na barakoa usoni na ndoo ya maji tiririka mlangoni, na jioni nilitaka kusikia namba hizo kuliko chakula. Kwangu zilikuwa kama homa kwenye kipimo, ukijua imepanda unajua la kufanya. Wewe ukawa unazima redio. Mimi nawasha, wewe unazima. "Hao ni watu wa watu," ulisema, "wanasomwa kama magunia." Nikakujibu kwamba gunia likipotea mtu hulitafuta. Ukachukua kofia ukatoka ukaenda kukaa na mbuzi.

Ikafika jioni namba hazikusomwa. Tukasubiri kesho yake, zikawa bado hazisomwi, na zikaendelea hivyo. Nilikuwa nakoroga uji, mwiko ukasimama mkononi. Wewe ukasema, "Afadhali." Tangu unioe sikuwahi kukukasirikia kama nilivyokukasirikia kwa neno hilo moja. Nilikuambia wewe na mila zako mmepata serikali nzima ya kuwaunga mkono. Ulicheka, na mimi nikacheka kwa hasira, na uji ukaungua.

Kazi yako ilikuwa imekwisha kufikia wakati huo. Ndege hazikuleta watu. Magari ya safari yalifunikwa turubai, na ukipita nyuma ya yadi zile uliona majani yameota kwenye matairi. Madereva waliokuwa wanavaa miwani ya jua na kunukia manukato walionekana soko la Daraja Mbili wanauza vitunguu, wengine wanavizia vibarua vya kupakua mizigo. Wewe ulichukua baiskeli ya Eli ukaanza kusambaza maziwa kutoka kwa kaka yako. Katikati ya hali hiyo tukasikia nchi imeingia uchumi wa kati. Ulikuwa unafunga dumu kwenye baiskeli. Ukaniuliza, "Mama Eli, tumeingia saa ngapi? Mbona sikuona mlango?" Nilikuambia labda walihesabu watu waliokuwa ndani wakati wewe uko nje unapeleka maziwa. Hiyo ilikufurahisha siku nzima. Uliwasimulia wateja wako wote, ukaifanya ya kwako.

Wateja wenyewe uliwajua kwa majina, bila shaka. Na watoto wao, na paka.

Ilikuwa mwaka uliofuata, mvua za masika zikianza, ulipoamka ukasema kifua kinakubana kama umefungwa mkanda. Nilikufukiza. Nilichuma majani ya mkaratusi na mchaichai, nikachemsha sufuria kubwa, nikakufunika blanketi nzito, na ukiwa humo ndani ukawa unanitania kwamba sasa unajua ndizi zinavyoiva. Nilisikia pumzi zako zikikatika kati ya neno na neno. Nesi wa miaka yote ile, na nilisimama pale nikijiambia ni mafua. Kesho yake sikujiambia tena. Tulienda hospitali mjini, na walikuwekea oksijeni, na nikaruhusiwa kuingia kidogo tu kwa sababu walinijua ni mwenzao.

Ulivyokuwa wewe, kwa siku chache za wodini ulishawajua wote. Sauti imeisha, unanong'ona, unanionyesha kwa kidevu maana kumnyooshea mtu kidole kwako kulikuwa kumhesabu. Yule wa ukutani ni Zakayo, fundi wa kuchomelea, binti yake anaolewa. Huyu karibu ni Mzee Yohana, ana shamba la kahawa, amegoma kula. Nilipokuja tena kitanda cha Mzee Yohana kilikuwa kimetandikwa upya. Nikakaa pembeni yako, na bila mimi kukuuliza ukaanza tena kunitajia: Zakayo, Yohana, ukaendelea. Hukumruka. Ukaniambia, "Ukitoka, kamtafute mkewe. Mwambie alikuwa hapa na watu." Nilimtafuta, Baba Eli. Nilimpata. Alilia, halafu akaniuliza mume wangu anaendeleaje, na siku ile nilikuwa bado na la kumjibu.

Asubuhi ile nilifika na chupa ya mtori wa ndizi. Nikamsikia nesi kijana anamwambia mwenzake, "Ni yule wa kitanda cha dirishani." Alikuwa mtoto mzuri, amechoka, macho mekundu. Nikamwambia, "Anaitwa Lembris." Akageuka, akaniona na chupa yangu, akaanza kuomba radhi, na kwa jinsi alivyokuwa akiomba radhi ndipo nikajua.

Kwenye karatasi waliandika nimonia. Daktari alinieleza kwa upole, na mimi nilikuwa najua mambo yanavyokwenda, sikubishana naye. Tulikupeleka kwenu, tukakuzika nyuma ya nyumba ya yeyo, mvua inanyesha, watu wachache wamesimama mbalimbali na barakoa, na matanga yakaisha kabla hayajaanza. Majirani waliniambia, "Pole, tumesikia changamoto ya kupumua." Kila msiba wa kipindi kile ulikuwa changamoto ya kupumua. Nilirudi kazini kumalizia muda wangu, na ilipofika siku ya kuandaa ripoti ya mwezi nilikaa na fomu ile ile, ambayo nimeijaza maisha yangu yote, nikatafuta mahali ambapo ningeweza kukuweka. Hapakuwa na safu yako. Nilikuwa nimewaweka humo watoto wa watu wengine, kuharisha kwao, malaria zao na kilo zao, wakaletewa dawa. Wewe sikuwa na pa kukuweka. Ndipo nilipoanza kuhangaika na jambo hili, na hangaiko lenyewe ni dogo ukilisema kwa sauti: nilitaka mahali fulani, kwenye hesabu yoyote ya nchi hii, pawe na alama moja ambayo ni wewe.

Kwa hiyo walipotangaza sensa nilifurahi. Nakuambia bila aibu. Nilipiga deki, nikachemsha chai ya maziwa, nikaweka maua ya plastiki mezani. Nilikuwa nimeshastaafu, na ndani ya nyumba hii hakuna aliyekuwa amekuja kuniuliza chochote kwa miezi.

Akaja karani, binti mwalimu, na mjumbe wetu wa mtaa akimwongoza. Mjumbe akaaga pale pale mlangoni akaenda nyumba ya pili. Binti akavua viatu, akaketi, akatoa kishikwambi chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai."

"Asante mama, naitwa Mwalimu Glory. Nitakusumbua kidogo, maswali ni mengi." Akagusa kioo. "Tunaanza na mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni nani?"

Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote swali hilo. "Baba Eli."

"Majina yake kamili, mama?"

Nikamtajia. Jina lako, la baba yako, la babu yako. Akaniuliza umri, nikamtajia ule ambao ungekuwa nao. Akaandika. Nilikuwa naangalia vidole vyake na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, naapa sikuwa nadanganya. Akauliza wengine. Nikaanza kuwataja kwa utaratibu wako, Eli, Lemayan, Naserian, naye akawa anaandika kwa bidii mpaka akasimama.

"Mama, samahani. Tunaandika waliolala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Hawa wote walilala hapa?"

Kuku wa jirani aliingia mpaka sebuleni, hatukumfukuza.

"Eli yuko Dodoma," nikasema. "Naserian ameolewa, yuko Dar. Lemayan alifariki mdogo."

"Pole mama. Na baba?"

"Baba naye alifariki. Ule mwaka wa ugonjwa."

Hakunishangaa, wala hakukunja uso kama mtu aliyeharibiwa kazi yake. Aliweka kishikwambi mapajani, akasema, "Mama yangu mkubwa naye kipindi kile kile." Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Inabidi niwatoe mama. Naomba unisamehe."

"Watoe tu mwanangu. Ndiyo kazi."

Akaanza chini kwenda juu. Naserian, Lemayan, Eli. Ulibaki wewe peke yako kwenye kioo, mkuu wa kaya. Akanitazama kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Akagusa, na wewe ukaondoka.

Nilikuwa nimekaa nikisubiri swali fulani, maana wenzangu wa zahanati walikuwa wameniambia lipo, swali la vifo. Nikajiambia atakapofika kwenye vifo wewe utaingia hapo. Tukapita maji tunayotumia, choo, umeme, redio, kama nina mifugo. Hatimaye akalifikia. Akasoma kama lilivyoandikwa, kama kuna mtu wa kaya hii aliyefariki katika miezi kumi na miwili iliyopita.

"Alifariki kabla ya hapo," nikasema.

Akasoma tena kimoyomoyo, midomo inacheza. Nilimwona anatafuta namna. "Hapa wanataka ndani ya mwaka tu, mama."

"Basi andika hapana."

"Hapana?"

"Hapana."

Ndivyo nilivyoiambia serikali, kwa mdomo wangu, nimekaa kwenye kiti chako, kwamba katika nyumba hii hakuna aliyekufa.

Akarudi mwanzo. "Kwa hiyo mkuu wa kaya ni wewe mama. Jina lako kamili?"

Baba Eli, nilibabaika. Nilikaribia kusema Mama Eli. Ilibidi nilitafute, kama mtu anayetafuta ufunguo ambao haujatumika siku nyingi. "Ruthi," nikasema, na yeye akalirudia taratibu akiandika, "Ru-thi," na mimi nikageuza uso nikajifanya naangalia chai. Hapakuwa na mtu aliyelitamka jina hilo chini ya paa hili tangu jioni ya mwisho uliposali. Watoto wananiita Mama. Wajukuu wananiita Koko. Kanisani mimi ni Mama Eli, mtaani ni Nesi. Binti wa watu hakujua alichokifanya. Alimaliza chai yake, akashukuru, akavaa viatu, akaenda nyumba inayofuata, na mimi nikabaki mezani na vikombe viwili mpaka giza likaingia.

Matokeo yalipotangazwa niliyatazama kwenye televisheni. Watu walipiga makofi. Ile idadi ya nchi nzima ilipotajwa nikajua kwamba pale mwishoni kabisa, kwenye tarakimu ya mwisho, na mimi nimo. Nilitegemea kufarijika. Badala yake nikakukumbuka wewe na baba yako mmesimama mlangoni mwa zizi. Nimekwisha kuhesabiwa, mume wangu. Tena nimehesabiwa kama kaya nzima. Wewe hawakukuhesabu kwenye gonjwa, hawakukuhesabu kwenye sensa, zahanati yangu mwenyewe haikukuhesabu, na kama mambo yapo ulivyokuwa unayaamini, basi mauti hayakukuona, na wewe ndiye uliyesalimika. Niliwaza hivyo nikacheka peke yangu, na kucheka peke yangu kukanirudisha nilipo. Nilikuwa nimeshika kidhibiti cha televisheni cha nyumba ambamo hakuna mtu wa kubishana naye kama izimwe au iwashwe.

Nimechoka kuwasha bila mtu wa kuzima. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Watu wanadhani upweke ni kukosa mtu wa kuzungumza naye, nami nina watu wa kuzungumza nao, simu inalia, wamama wa jumuiya wanakuja. Nimekosa wa kunipinga. Nilijenga imani yangu yote ya kalamu na hesabu upande wa pili wa ubishi wako, na ulipoondoka ikaegemea hewa.

Ndiyo maana barua hii sikuifunga. Nimeiandika wazi ili isomwe na yeyote. Nimeshindwa kukutafutia safu, lakini jina lako nimeliandika hapa, na kila aliyefika mahali hapa amekwisha kukuita, hata kama ni kimoyomoyo. Sijui ni wangapi na sitawahesabu. Utaona jinsi ulivyonishinda.

Namba ya nyumba wameipigilia juu ya mlango siku hizi, kibati kidogo. Ungenuna wiki nzima. Mahindi ya pale nyuma yamekomaa, nimeyaloweka, kesho nitapika loshoro ya maziwa mgando, ingawa maziwa ninayopata sasa hayagandi kama ya kaka yako. Jioni nitawasha taa, nitafumba macho, nitawaita. Eli. Lemayan. Naserian. Lembris, wewe nimekuweka mwisho, mahali nilipokuwa mimi. Nikikutaja nanyamaza kidogo kabla ya amina, kwa sababu anayesali hajiiti mwenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha. Chakula kinapoa. Nasikiliza.

Kama huko mliko mnasali kabla ya kula, nami nina ombi moja tu. Usiniruke.

Mkeo,
Ruthi